Mkalimani na Neno "Bado"

Bibi aliweka mikono yake miwili juu ya meza ya daktari, viganja vikitazama juu, akaiacha hapo bila kusema neno. Ngozi ya viganja ilikuwa nyekundu kama iliyomwagikiwa maji ya moto, na kwenye ncha za vidole ilikuwa imeanza kumenyeka. Kucha zilibaki na alama za hina ya Idi. Mwanawe, aliyeketi pembeni yake, alitazama dirishani. Mkalimani alisubiri, kwa kuwa ukimya hautafsiriwi.

Hospitali hiyo iko Edinburgh. Bibi ni mtu wa Wete, Pemba, aliyeletwa Scotland na mwanawe baada ya kufiwa na mumewe. Miezi michache kabla ya siku hiyo alikuwa amepasuliwa na kutolewa kipande cha utumbo mpana chenye saratani, na sasa alikuwa akimeza vidonge vya kapesitabini asubuhi na jioni, ndani ya nusu saa baada ya chakula, siku 14 mfululizo kisha siku 7 za kupumzika. Mkalimani ni mwanamke wa Mombasa ambaye ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na kanuni yake ni fupi: usiongeze, usipunguze, usibadilishe. Mgonjwa akisema "naumwa", mkalimani naye husema "naumwa" kwa Kiingereza, si "anasema anaumwa". Kwa muda wote wa mazungumzo huwa hana nafsi yake mwenyewe.

"Mwambie," bibi alisema mwishowe, "dawa yake haina adabu. Nimeituma kwa mwizi mmoja, yenyewe inampiga kila inayemkuta njiani."

Daktari alitabasamu, akasema hajapata kusikia tatizo hilo likielezwa vizuri zaidi. Aliagiza vidonge visimamishwe mpaka ngozi itulie, akaandika krimu ya kupaka. Ndipo mwana alipotoa simu yake na kumwonyesha daktari habari aliyokuwa ameihifadhi. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, katika mji huohuo, wamepata njia ya kuamsha dawa kwa metali iitwayo paladi, mahali penye saratani tu, sehemu nyingine za mwili zikaachwa salama. Na dawa yenyewe iliyotajwa ni fluorourasili, ileile ambayo vidonge vya mama yake hugeuka kuwa baada ya kumezwa. Kwa nini basi mama hapewi hiyo?

Jibu la daktari lilikuwa refu na la heshima. Alisema kazi hiyo anaifahamu na ni kazi nzuri, kwamba imejaribiwa kwenye seli ndani ya vyombo vya maabara na kwenye visamaki, na kwamba hakuna jaribio analoweza kumwandikisha mgonjwa wake. Alimalizia kwa sentensi fupi ambayo kwa Kiswahili kilichonyooka ni: hatuwezi kukupa.

Mkalimani akasema: "Bado hatujaweza kukupa."

"Inshallah," bibi akaitikia, na kwa mara ya kwanza siku ile akainua uso.

Kati ya hatuwezi na hatujaweza kuna silabi moja tu ya ziada, na ndani ya silabi hiyo kuna ahadi nzima. Msichana akiulizwa kama ameolewa hujibu "bado", hata kama hajaposwa na mtu. Ukiuliza kama mvua imenyesha kijijini, unaambiwa "bado", hata kama mbingu ni kavu kama kigae. Ni adabu ya lugha: hapana hufunga mlango usoni mwa mtu, bado huurudishia tu. Mkalimani alijua hayo alipolitamka. Lakini pia alijua kwamba daktari hakuurudishia mlango. Alikuwa ameongeza, na kanuni yake inakataza kuongeza.

Kituoni, wakisubiri mabasi tofauti, mwana alimuuliza jambo moja. Kabla ya kuhamia Scotland alikuwa fundi wa magari Gerezani, Dar es Salaam. "Hiyo paladi," alisema, "si ndiyo ile ya kwenye masega?" Alikusudia kile kifaa cha ekzosi chenye vitundu kama sega la nyuki, ambacho watu hukinunua kwa pesa nzuri kwa sababu ya metali zilizomo. Mkalimani alisema hajui, basi lake likafika. Alipofika nyumbani kwake Leith alifungua kompyuta kabla ya kuvua koti. Alikuwa ametoa ahadi kwa niaba ya watu ambao hakuwahi kukutana nao, na akaona haki ni kujua kama wanaweza kuitimiza.

Fundi alikuwa sahihi. Paladi ni ileile. Ndani ya masega huufanya moshi wa sumu ugeuke kuwa hewa isiyodhuru sana, nayo yenyewe haiishi wala haichoki; gari litapita barabarani miaka na miaka, paladi bado imekaa palepale. Vitu vya namna hiyo kamusi huviita vichocheo, na mkalimani, ambaye ana daftari la istilahi lililochakaa, hakulipenda neno hilo. Kuchochea ni kazi ya moto na ya fitina. Alifikiri muda, kisha akaandika pembeni kwa penseli: mshenga. Mshenga hukutanisha nyumba mbili ambazo zenyewe zisingekutana, ndoa ikafungwa, naye akarudi kwake akiwa yuleyule, tayari kutumwa kwingine kesho. (Kwamba mshenga hupewa chochote cha kutia mfukoni, hilo kemia haina.)

Kuna metali nyingine ambayo madaktari wa saratani wameizoea zaidi, nayo si mshenga hata kidogo. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg na wenzake, katika Michigan State University, walitangaza kwamba bakteria waliowekwa kwenye mkondo wa umeme waliacha kugawanyika, wakarefuka kama nyuzi. Walidhani ni umeme. Kumbe vijiti vya platini vilivyopitisha umeme vilikuwa vikimeng'enyuka kidogo kidogo na kutengeneza kampaundi kwenye maji yale. Kampaundi hiyo ndiyo sisplatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, na wanaume wengi wenye saratani ya korodani wako hai leo kwa sababu yake. Lakini molekuli ya sisplatini huingia ndani ya seli, huing'ang'ania DNA, na haitoki tena. Moja hufanya kazi moja, ikaishia hapo. Kwa hiyo inabidi ziingizwe nyingi, na nyingi ni sumu kwa figo na masikio. Mshenga angetosha mmoja kwa ndoa mia.

Hapo ndipo ilipo tamaa ya kazi hii yote, na tamaa hiyo si ndogo. Mwili una vichocheo vyake, vimeng'enya, maelfu ya aina, na kila kimoja kinajua kazi yake tangu kale. Je, inawezekana kupenyeza ndani ya seli hai kichocheo ambacho uhai haujawahi kuwa nacho, kikafanya kazi ambayo hakuna kimeng'enya kinachoiweza?

Kwa miaka mingi wanakemia wengi wangejibu kwamba haiwezekani, na sababu yao fundi wa Gerezani angeielewa mara moja. Dizeli au petroli yenye salfa nyingi huharibu masega, kwa kuwa salfa huishika metali na kuiziba. Seli nayo imejaa salfa. Ina molekuli iitwayo glutathioni, mlinzi wa nyumba, ambayo kazi yake ni kukamata kila kigeni chenye hila. Na kwenye mkono wake kuna salfa. Ongeza maji kila upande, chumvi, protini zinazosukumana kama watu kwenye soko la Darajani siku ya mwezi ishirini na tisa wa Ramadhani, na utaona kwa nini metali iliyozoea chupa safi ya maabara hufa ikifika humo.

Mwaka 2006 Craig Streu na Eric Meggers, wakiwa University of Pennsylvania, walionyesha kwamba haifi yote. Walichukua rangi inayong'aa, wakaizima kwa kuifunga vizibo viwili vya kemikali, wakaiingiza katika seli za binadamu, kisha wakaongeza kampaundi ya rutheni. Seli zikawaka. Ni jambo dogo kulitazama, taa za kijani chini ya darubini, ila maana yake ilikuwa kwamba rutheni ilivikata vizibo ndani ya seli ambayo bado ilikuwa hai. Mwaka 2011 kundi la Edinburgh, Mark Bradley na Asier Unciti-Broceta wakiwemo, lilitumia ujanja mwingine: paladi ilifichwa ndani ya vipira vya plastiki vidogo kiasi kwamba seli inavimeza. Salfa ya seli haikuweza kuifikia paladi yote kwa urahisi, na paladi ikafanya kazi yake humo ndani, ikiwemo kuunganisha kaboni na kaboni, kazi ambayo kimeng'enya cha mwili hakiifanyi kwa njia hiyo.

Basel, Uswisi, Thomas Ward na wenzake walikwenda njia tofauti, nayo mkalimani aliipenda kuliko zote. Badala ya kuificha metali kwenye plastiki waliivisha protini, kama mgeni anayevishwa kanzu ili asionekane mgeni. Hicho ni kimeng'enya cha kutengenezwa, nusu cha maumbile na nusu cha mwanakemia. Waliwafanya bakteria waijenge protini hiyo na kuipeleka katika nafasi iliyo kati ya kuta zao mbili, si katikati ya seli, kwa sababu mle ukutani glutathioni ni haba. Kisha wakabadilisha protini hatua kwa hatua, wakichagua kila mara ile iliyofanya kazi vizuri zaidi, kama mkulima anavyochagua mbegu. Walichapisha matokeo mwaka 2016. Hicho si dawa. Ni uthibitisho kwamba metali ngeni inaweza kufundishwa kuishi ndani ya kiumbe.

Habari ile ya kwenye simu ya mwana ilitokana na utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Ili kuielewa inabidi kurudi kwenye vidonge vya bibi. Fluorourasili ilibuniwa na Charles Heidelberger na wenzake mwaka 1957. Ni urasili, moja ya herufi ambazo mwili huandikia RNA, iliyobadilishwa chembe moja tu: hidrojeni imetolewa, florini imewekwa. Seli huidhania kuwa ni yake, inaipokea, na kimeng'enya kinachotengeneza herufi moja ya DNA kinakwama. Seli isiyoweza kuandika DNA haiwezi kugawanyika. Saratani hugawanyika kwa pupa, hivyo ndiyo inayoumia zaidi, lakini ngozi ya kinywa na ya utumbo na uboho wa mifupa navyo hugawanyika haraka. Huyo ndiye kila anayekutwa njiani.

Kapesitabini yenyewe ilikuwa jaribio la kuifundisha dawa hiyo adabu. Ni fluorourasili iliyofungwa, na mwili huifungua kwa hatua tatu. Kimeng'enya cha hatua ya mwisho hupatikana kwa wingi zaidi katika uvimbe mwingi wa saratani kuliko katika tishu zenye afya. Kwa wingi zaidi, si humo tu. Kufuli limewekwa, lakini funguo zimesambaa mwili mzima, na viganja vya bibi vilikuwa ushahidi wake.

Kundi la Unciti-Broceta liliuliza: vipi kama ufunguo ni kitu ambacho mwili hauna popote? Waliifunga fluorourasili kwa mkia mfupi wa kaboni tatu, mahali ambapo hakuna kimeng'enya cha kuukata. Paladi inaukata. Waliweka paladi kwenye shanga ndogo za utomvu wa kutengenezwa, kubwa mno kumezwa na seli, ili zikae nje yake zikifanya kazi jirani. Seli za saratani ya utumbo mpana na za kongosho zilipopewa dawa iliyofungwa peke yake, ziliendelea kukua. Zilipopewa shanga peke yake, ziliendelea kukua. Zilipopewa vyote viwili, zikafa. Shanga zilipandikizwa pia ndani ya visamaki vichanga vyenye milia, ili kuona kama zitavidhuru, na hazikuvidhuru.

Mkalimani alisoma hadi usiku wa manane. Aligundua pia kwamba mwaka 2019 watafiti wa Zaragoza na Edinburgh walitia paladi ndani ya vifuko vidogo ambavyo seli za saratani huvitoa, na vifuko hivyo vikapendelea kurudi kwenye seli za aina ileile vilikotoka. Mwaka 2022 Tuzo ya Nobel ya kemia ilimwendea Carolyn Bertozzi pamoja na Morten Meldal na Barry Sharpless, yeye kwa kuasisi kemia inayofanyika ndani ya mwili bila kuuingilia uhai. Na alisoma kwamba ndugu wa mbinu hii, dawa inayofunguliwa na kemikali isiyo metali, ilianza kujaribiwa kwa watu mwaka 2020. Hapo alifurahi. Bado yake ilikuwa na miguu.

Furaha hiyo haikudumu, na kilichoiondoa hakikuwa kemia. Ilikuwa faili la bibi, ambalo mkalimani alilifahamu neno kwa neno kwa kuwa ndiye aliyelitafsiri. Daktari wa upasuaji alikuwa amesema, na yeye akarudia, kwamba uvimbe wote umetolewa. Vidonge ni kwa ajili ya mabaki ambayo huenda yapo na huenda hayapo, seli chache zisizoonekana kwa kipimo chochote. Sasa shanga za paladi hupandwa wapi? Mshenga hutumwa kwenye nyumba inayojulikana. Kwa uvimbe unaoonekana, ambao daktari wa upasuaji hawezi kuukata kwa sababu ya mahali ulipokaa, mtu anaweza kuwazia siku shanga zitakapowekwa ndani yake na dawa ikapitishwa kwenye damu ikiwa imelala. Kwa bibi hakukuwa na pa kuweka shanga. Hata maabara ile ikimaliza kazi yake yote mwaka ujao, si yeye atakayeitwa.

Inastahili kusemwa wazi, kwa sababu habari za namna hii huandikwa kana kwamba saratani ni moja na mgonjwa ni mmoja. Metali inayofanya kazi pale inapowekwa ni nzuri kwa adui aliyeko mahali. Dhidi ya adui aliyetawanyika bado inahitaji mchukuzi wa kuifikisha, na mchukuzi huyo, kifuko au protini au kitu kingine, ndiye asiyekamilika. Tena kuna suala la metali yenyewe kubaki mwilini baada ya harusi kwisha.

Wiki tatu baadaye walikutana tena katika chumba kilekile. Ngozi ilikuwa imetulia, ingawa ncha za vidole zilikuwa laini mno na bibi alishika kikombe cha maji kwa viganja viwili. Kabla daktari hajaanza, mkalimani aliomba ruhusa kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kusema kwa nafsi yake. Hilo linaruhusiwa, ila halipendezi. Wakalimani wengi hupita miaka bila kulifanya.

"Bi Mkubwa, niwie radhi. Siku ile nilikwambia bado hatujaweza kukupa. Daktari hakusema bado. Alisema hatuwezi. Neno lile lilikuwa langu."

Mwana alifungua kinywa, akakifunga. Daktari, ambaye hakuelewa kilichosemwa mpaka kilipotafsiriwa, alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba yeye mwenyewe angalisema zaidi na anasikitika hakusema: ile dawa ni ya uvimbe unaoonekana, na wake umeshatolewa. Mkalimani alilitafsiri hilo lote, na safari hii hakuongeza hata pumzi.

"Nilijua, mwanangu," bibi akasema. "Uso wa daktari ulikuwa umeshajibu kabla yako. Nilikuacha kwa kuwa nilikuona unataka kunipa kitu." Akatafakari kidogo. "Na hao samaki wenye shanga, hawakufa?"

"Hawakufa kwa shanga, Bi Mkubwa."

"Alhamdulillahi."

Daktari akaeleza kwamba vidonge vitaanza tena, safari hii kwa kiasi kilichopunguzwa, na mwana akaandika idadi kwenye bahasha: asubuhi vingapi, jioni vingapi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kama anaruhusiwa kupaka hina mwezi ujao, mjukuu wake anaolewa Glasgow. Piko hapana, hiyo anajua ina kemikali, ila hina ya majani.

Daktari akauliza hina ni nini hasa na huwekwa vipi. Mkalimani akaomba tena ruhusa ya kusema kwa nafsi yake, na bibi akanyoosha mkono wake juu ya meza ili aelezee juu yake.